Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia: Pesa Iende Wapi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Mkenya aliyezaliwa baada ya hapo amekua akiijua bunduki kuwa kitu cha askari, cha mlinzi wa benki na cha jambazi. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni, lakini ni wananchi wachache wanaomiliki bunduki ya kuwindia. Kisha mtu huyo anahamia Texas, Ohio au Pennsylvania, anapata kazi, anazoeana na wenzake, na ikifika Oktoba anasikia mazungumzo ya chakula cha mchana yamebadilika: nani kaona kulungu wapi, nani kaomba likizo ya wiki ya kwanza ya msimu. Mmoja anamwambia, twende wote. Anavutiwa, kwa sababu nyama ya porini anaipenda, na kulungu mmoja akiingia kwenye friza familia inakula wiki nyingi. Jumamosi inayofuata yuko dukani mbele ya ukuta uliojaa bunduki, bei zikianzia dola 350 na kupanda hadi 3,000, na hajui hii inazidiwa nini na ile.

Ushauri hautakosekana. Mmoja atamwambia bunduki ya bei rahisi haipigi panapolengwa. Mwingine atamwambia achukue yenye nguvu kuliko zote ili mnyama asikimbie na jeraha. Nasaha zote mbili zimepitwa na wakati, na ya pili ina madhara. Msimamo wa safu hii ni kwamba katika bajeti ya mwindaji anayeanza, bunduki yenyewe isile zaidi ya nusu ya pesa, na kaliba iwe ya wastani. Kinachobaki kiende kwenye darubini, risasi na mazoezi.

Lakini kabla ya pesa kuna sheria, na mhamiaji ana mitego yake hapo. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye kadi ya kijani kununua bunduki ndefu dukani kama raia, mradi awe ametimiza miaka 18 na apite ukaguzi wa kumbukumbu za jinai. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki kabisa, isipokuwa akiwa katika moja ya nafasi chache zilizoachwa na sheria. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani. Dukani mnunuzi hujaza fomu namba 4473, na kuandika uongo humo ni kosa la jinai. Kuna desturi yetu ya kusaidiana ambayo hapa inaweza kumtia mtu gerezani: kumpa rafiki pesa akununulie bunduki kwa jina lake. Anayejiandika kuwa mnunuzi halisi huku pesa na bunduki ni za mwingine amevunja sheria, hata kama wote wawili wanaruhusiwa kumiliki. Tena majimbo yana masharti yao juu ya hayo. Illinois, kwa mfano, humtaka kila mmiliki awe na kadi maalumu ya jimbo.

Baada ya hapo kuna kozi ya usalama wa uwindaji. Texas humtaka aisome kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake. Minnesota humtaka kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979. Mwenye akili husoma kozi hiyo kabla ya kununua chochote, kwa sababu huko ndiko atakakojua jimbo lake linakubali bunduki gani. Ohio haikubali kulungu apigwe kwa .308 wala kwa kaliba nyingine yenye ganda lenye shingo. Hutaka ganda lililonyooka, na ndiyo sababu kaliba kama .350 Legend, iliyotolewa na Winchester mwaka 2019, ina soko kubwa huko na kusini mwa Michigan. Pennsylvania hairuhusu bunduki inayojipakia yenyewe kwa kulungu. Colorado inataka kipenyo cha risasi kisipungue inchi .24. Mtu akinunua kwanza na kuuliza baadaye, anaweza kuwa na bunduki nzuri isiyo na kazi katika kaunti yake.

Sasa, bei. Shaka juu ya bunduki rahisi ina asili yake. Winchester Model 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936, ilitengenezwa kwa vyuma vilivyochongwa na kuoanishwa kwa mikono ya mafundi. Mwaka 1964 kiwanda kilibadili muundo ili kupunguza gharama, na wawindaji wakaiona tofauti mara moja. Hadi leo zile za kabla ya 1964 hutafutwa na kulipiwa zaidi. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kupunguza gharama ni kuharibu bunduki, na watoto wao wanalirudia fundisho hilo katika maduka ambayo bidhaa zake hazitengenezwi tena kwa njia ile.

Jibu lilikuwepo tayari tangu 1958, Savage ilipotoa Model 110, kazi ya msanifu Nicholas Brewer. Katika bunduki ya komeo, yaani ile ambayo mwindaji huvuta na kusukuma mkono wa chuma baada ya kila risasi, nafasi kati ya uso wa komeo lililofungwa na mahali risasi inapokaa ndani ya mtutu lazima iwe sahihi kwa kiasi kidogo sana. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka usoni pa mpigaji. Kwa desturi fundi hodari alikuwa akichonga na kupima, akichonga na kupima, mpaka vyuma vikubaliane. Brewer akaweka nati kubwa kwenye shina la mtutu. Fundi anazungusha mtutu mpaka uguse kipimo, anakaza nati, basi. Kazi iliyohitaji uzoefu wa miaka ikawa ya dakika chache, na usahihi haukupungua. Savage ikajenga jina la bunduki nafuu inayopiga vizuri kuliko bei yake.

Savage Axis, iliyopewa jina hilo mwaka 2011, inatumia nati hiyohiyo. Ruger ikafuata na Ruger American, iliyotangazwa ikiwa na bei ya kiwandani ya dola 449, mtutu wake ukiwa umefuliwa kwa nyundo za mashine na chuma chake kikikalishwa juu ya vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V ndani ya kitako cha plastiki. Remington ikaleta 783 mwaka 2013, Mossberg ikaleta Patriot mwaka 2015. Mashindano yale yalimfaa mnunuzi. Leo kwa dola 400 hadi 550 hivi, mtu anapata bunduki mpya ya komeo ambayo, ikilishwa risasi inayoipenda, huweka matundu matatu ndani ya sentimita 3 hadi 4.5 kwenye umbali wa mita 100.

Ni usahihi wa kutosha? Moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe, yakitazamwa kwa ubavu, ni eneo lenye upana wa takriban sentimita 20. Bunduki inayotawanya kwa sentimita 4.5 kwenye mita 100 hutawanya kwa sentimita 9 kwenye mita 200, yaani bado haijafika nusu ya shabaha. Katika misitu ya mashariki kulungu wengi huangushwa karibu zaidi ya hapo. Anayekosa kulungu kwa Ruger American angemkosa kwa bunduki ya dola 3,000 pia.

Mahali urahisi unapoonekana ni kwingine, na unaonekana kwa mkono. Mnunuzi na achukue noti ya dola moja, aipenyeze kati ya mtutu na mbao au plastiki iliyo chini yake, aivute kuelekea nyuma. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha aibane sehemu hiyo ya mbele kwa vidole kuelekea mtutuni. Katika nyingi za bei hii plastiki itainama na kugusa chuma, na mtu akiegemeza bunduki vibaya kwenye nguzo au mkanda akiuvuta kwa nguvu, risasi itahama. Kujua hivyo kunatosha: aegemeze karibu na magazini, wala si kwenye ncha. Magazini zenyewe huwa za plastiki na komeo hukwaruza likivutwa. Rangi ya chuma haizuii kutu kama ile ya zamani, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta kiwe karibu. Hakuna kati ya hayo kinachomwokoa kulungu.

Kifyatulio ni jambo zito zaidi, na hapa safu hii haisiti kumwambia mnunuzi aongeze dola chache. Axis ya msingi ina kifyatulio kizito, kisichorekebishwa. Ndugu yake, Axis II, ina AccuTrigger, kifyatulio ambacho Savage ilikileta mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambacho mwenye bunduki anaweza kukirekebisha. Kile cha Ruger American hurekebishwa kati ya takriban kilo 1.4 na 2.3. Kidole kikilazimika kuvuta uzito unaokaribia uzito wa bunduki nzima, mtutu utayumba tu, na mwanafunzi atajilaumu bure.

Kisha kuna kaliba, mahali ambapo pesa na nyama hupotea zaidi kuliko pengine popote. Bunduki hupiga teke, na mwili hukumbuka. Baada ya risasi kadhaa za .300 Winchester Magnum, mgeni huanza kufumba jicho kabla ya kifyatulio kuachia. Bega lake husukuma mbele na mtutu huinama. Mwenyewe hajui. Walimu wa shabaha wana njia ya kumwonyesha: wanachanganya ganda lisilo na baruti katikati ya risasi za kweli bila mwanafunzi kuona. Anavuta, kinalia tak, hakuna mlipuko, lakini mtutu umezama chini mbele ya macho yake. Ile risasi ambayo ingetoka ingempata kulungu kwenye tumbo au mguu. Mnyama wa namna hiyo hukimbia mbali na kufa polepole, mara nyingi bila kuonekana. Kwa hiyo wanaomshauri mgeni achukue kaliba kubwa kwa huruma ya mnyama wanamtumbukiza katika ukatili waliotaka kuukwepa.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa zamani kuhusu jambo hili. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua mamia ya tembo kwa bunduki ndogo, hasa .275 Rigby, ambayo risasi yake ina kipenyo cha milimita 7.2 tu. Wenzake walibeba mizinga mikubwa mara mbili. Bell alichunguza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, na bunduki isiyompiga teke ilimwezesha kulenga kwa utulivu. Biashara ile ya pembe iliwamaliza tembo na haistahili sifa. Lakini hesabu yake inabaki: risasi ya 7mm-08 Remington, kaliba iliyotoka mwaka 1980, ina kipenyo kilekile, na leo inaelekezwa kwa kulungu ambao wengi wao hawafiki kilo 100.

Hiyo 7mm-08 ni moja ya kaliba nne ambazo mgeni anaweza kuchagua bila kujuta. .243 Winchester ya mwaka 1955 hupiga teke dogo kuliko zote nne na inamfaa mtu mwembamba au kijana, ila inadai risasi iliyojengwa kwa ajili ya kulungu, kwa sababu zake nyingine zimeundwa kwa wanyama wadogo na hupasuka juu juu. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, imeenea mpaka kwenye maduka ya vijijini. Teke lake ni takriban nusu ya lile la .300 Winchester Magnum. .308 Winchester ya mwaka 1952 ndiyo yenye teke kubwa kati ya hizi, ingawa mtu mzima wa kawaida huizoea, na ndiyo risasi iliyo rahisi kuipata popote, hata wakati wa uhaba kama ule wa 2020 na 2021. Anayeota kwenda Colorado siku moja kuwinda elki hatalazimika kununua bunduki nyingine akiwa na .308. Kwa mwenye mwili mdogo au asiyewahi kupiga risasi maishani, 7mm-08 ndiyo chaguo la kwanza la safu hii, hata kama risasi zake hazijai rafuni kama za .308.

Urefu wa kitako nao upimwe. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa mtu mrefu wa Kimarekani. Kitako kikizidi, shavu halifiki mahali pake na jicho linatafuta darubini kwa kunyoosha shingo. Kampuni zote mbili, Savage na Ruger, zina matoleo mafupi kwa bei ileile au karibu nayo, na wanaotumia mkono wa kushoto wana yao. Mke na mume wasilazimishane kutumia moja.

Wazee wa Kimarekani watamtajia Winchester 94 na Marlin 336, zile za mkono wa chini wanaoujua watazamaji wa filamu za kauboi. Zilikuwa jibu zuri wakati zilipouzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya rehani. Leo zinatafutwa na wakusanyaji, na Marlin 336 mpya, inayotengenezwa sasa na Ruger, hupita dola 1,000. Bunduki za jeshi za zamani kutoka Urusi, zilizokuwa bei ya jozi ya viatu, nazo zimepanda. Njia hiyo imefungwa kwa mwenye pesa kidogo.

Soko la mitumba lenyewe halijafungwa. Savage 110 au Remington 700 iliyotunzwa inaweza kupatikana kwa bei ya Axis mpya, ikiwa na chuma kizuri zaidi. Mnunuzi avute komeo nyuma, atazame na kuingiza kidole chemba kuhakikisha hamna risasi, kisha amwombe muuzaji taa na atazame ndani ya mtutu: mifereji iwe na kingo kali, isiwe na vidonda vya kutu. Mdomo wa mtutu usiwe na jeraha hata dogo, maana hapo ndipo risasi inapoagana na chuma. Bisi za darubini zisiwe zimeliwa. Na kwa Remington 700 kuna jambo la lazima: Aprili 2014 kampuni ilitaka zirudishwe zile zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 1 Mei 2006 hadi 9 Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuguswa. Namba ya bunduki ichunguzwe na muuzaji aonyeshe kwamba kifyatulio kimebadilishwa. Asipoonyesha, mnunuzi aondoke.

Darubini inastahili heshima inayonyimwa. Vifurushi vya bei nafuu huja na darubini tayari, na mara nyingi hicho ndicho kiungo dhaifu. Jioni, katika nusu saa ya mwisho kulungu wanapotoka, kioo hafifu huonyesha ukungu tu. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, kutoka kwa Vortex au Leupold, hupatikana kwa dola 150 hadi 250, na kampuni zote mbili huitengeneza ikiharibika bila kuuliza risiti. Zaidi ya hapo mgeni hahitaji. Pete na vishikizo vyake vikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa sababu bisi iliyolegea humfanya mtu aamini bunduki yake ni mbovu.

Risasi ndizo zinazokula pesa polepole. Boksi la 20 za .308 za kawaida ni kama dola 25 hadi 35. Ndiyo maana mwenye nafasi ya kuongeza dola 200 au 300 anashauriwa anunue pia bunduki ndogo ya .22, mfano Ruger 10/22 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ambayo kila risasi yake hugharimu senti chache na haina teke la kumwogopesha mtu. Kulenga, kupumua, kuvuta kifyatulio taratibu, yote hufundishika kwa .22. Kisha ile kubwa ipigwe mara chache, risasi 10 au 15 kwa siku, na si kwenye meza tu: apige akiwa amepiga goti, amekaa chini, ameegemea mti, kwa sababu porini hakuna meza. Vifuniko vya masikio si anasa. Mlio mmoja wa .308 unatosha kuumiza sikio daima.

Familia zinazokula nyama hiyo zifikirie pia risasi ya shaba. Mwaka 2008 North Dakota iliwaagiza wagawaji wa chakula cha msaada waitupe nyama ya kulungu waliyopewa baada ya picha za eksirei kuonyesha chembe za madini ya risasi ndani yake, na California imezuia madini hayo katika uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Shaba hugharimu zaidi, pengine mara mbili kwa boksi, lakini mwindaji hutumia boksi moja tu kwa msimu kwa kulungu halisi. Watoto wadogo na mama wajawazito wanastahili tofauti hiyo ya bei.

Kwa dola 1,000, basi, hesabu inakwenda hivi: 450 bunduki, 200 darubini, 50 pete na vishikizo, karibu 200 risasi za mazoezi na za msimu, na 100 ziende kwa masikio, ada ya uwanja wa shabaha na kufuli. Kufuli isisahauliwe katika nyumba zetu zenye watoto na wageni wa kila wikiendi. Vituo vingi vya polisi hutoa za waya bure, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Aliye katika jimbo linaloruhusu, na achukue Axis II au Ruger American ya 7mm-08 au .308, aiache .300 Winchester Magnum rafuni. Msimu mkuu wa Texas hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na wiki ya bunduki ya Ohio huanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani. Anayetaka kuwinda mwaka huu ajiandikishe kwenye kozi sasa, na mwezi Agosti awe tayari uwanja wa shabaha.